Papa wa Ukutani

Jumanne, 9 Septemba 2025

Nurdin mume wangu,

Nimechoka kukaa ndani tangu tukuzike. Eda bado, sitoki, na duka lako la papa mkavu liko hapo chini tu. Nasikia wateja wakicheka na mdogo wako Bakili. Jirani Zulekha anasema yule papa uliyemchora ukutani anavuta watu — wanapiga naye picha!

Nakumbuka siku ile ulipomchora. Rangi mpaka kwenye ndevu. Ukasema huyu alikuwa baharini kabla Mjerumani hajafika. Anakaa maji ya barafu, kaskazini ya mbali, chini kabisa, kwenye kiza. Mdudu kamning'inia jichoni na wala hana habari. Hazai mpaka afike kama miaka mia na hamsini. Nikakwambia mama yako angeshamsema mtaa mzima kuwa ni tasa! Ulicheka ukamwaga rangi.

Alhamisi, 11 Septemba

Bakili anauza mafuta! Kwenye chupa kabandika picha ya papa wako. Eti ameishi miaka mia nne, ukinywa na wewe utaishi. Mafuta yenyewe ya papa wa soko la Feri, yale ya kupaka mashua.

Nimemwita. Kasimama nyuma ya pazia.

"Shemeji, biashara hiyo. Kila mtu Kariakoo ana maneno yake."

Nikamwambia aliyemchora kafa na miaka arobaini na mbili.

Akajibu: "Maliza eda kwanza, shemeji."

Nimelia kwa hasira.

Jumamosi, 13 Septemba

Zulekha kaniletea mgeni, mama wa Moshi, Jovitha. Kaja kunipa pole — na kunishukuru. Mumewe Isidori ana sukari. Kaacha dawa za hospitali, anakunywa mafuta yetu!

Nikasema arudie dawa leo hii. Papa yule hayupo bahari yetu. Mafuta yake hatuna.

Akanitazama kwa huruma. "Dada, msiba umekuchanganya. Shemeji yako kaapa kwa jina la marehemu."

Kwa jina lako, Nurdin!

Bado kakaa hapa, chupa mkononi. Maneno yangu hayamwingii. Labda akiona.

Chokaa uliyobakisha iko chini ya kitanda, na brashi. Nimejitanda. Zulekha kashika mlango: "Mwanne, una eda, watu watasema nini?" Waseme. Nashuka naye Jovitha, amwone papa akifutika, ajue sisemi uongo. Sina picha yake nyingine iliyotoka mkononi mwako.

Ukuta ukiwa mweupe usinione mbaya. Nikumbuke kwa siku ile ya kumwaga rangi.