Chai ya Mgeni Asiyekuwepo

Syombua, uko hapo? Nimeaibika hata sijui nianzie wapi.

Unajua nikiandika riwaya yangu huwa nasema maneno ya wahusika kwa sauti, ndio nisikie kama ni maneno ya watu kweli. Leo mchana nilikuwa pale jitu la mlimani linapombembeleza msichana asiondoke. Nikatoa sauti nzito, halafu nyororo.

Mlango ukabishwa. Ni Kaluki, jirani yangu hapa Kyumbi, na vikombe viwili vya chai.

"Nimewaletea wewe na mgeni wako."

Vikombe viwili, Syombua.

Akachungulia hadi nyuma ya pazia. "Kwani ako wapi?"

Nikamwambia hakuna mtu, ni kitabu naandika. Hakucheka. Heri angecheka. Akasema polepole, "Na vile nilikuwa nimefurahi. Tangu uhamie hapa sijaona mtu akikutembelea."

Akaacha vikombe vyote mezani, akaenda.

Sasa nimeshika kalamu lakini naogopa kutoa sauti, kuta zetu ni mabati tu. Na nikinyamaza, jitu halisemi kitu.

Ukitoka kazini nipigie. Hata kama huna la kusema.