Kiungulia Kimepoa, Nawe Umekwenda

Mpendwa Mama Swafiya,

Salamu zikufikie huko Malindi kwa dadako. Mimi mzima, tena kupita kiasi. Kifua hakiwaki. Kikoi nakifunga kiunoni badala ya chini ya kitambi, na wenzangu wa baraza hapa Kibokoni wanadhani nilipasuliwa Uhindi. Hilo ndilo liniumalo: nimepona, na kupona kwangu ndiko kulikokutoa nyumbani.

Wanijua. Shule niliiachia darasa la sita, lakini dunia nimeisoma yote. Mpishi wa meli mimi! Nimekula pilipili Bombay mpaka Wahindi wakaniombea dua. Hakuna chakula kilichonitoa jasho ila biriani yako ya Ijumaa. Ulitia pilipili kama mtu anayelipa kisasi, ukaniwekea achari ya ndimu pembeni, kisha ukauliza, "Imekolea, Baba Swafiya?" Pua yachuruzika, nami najibu, "Ongeza!"

Usiku wa Ijumaa hizo, nikijinyoosha kitandani, maji makali yapanda kooni, nakohoa kama punda mwenye pumu. Wewe ndiwe uliyenisukuma kwa daktari, usisahau. "Nenda, nisije nikawa mjane kwa sababu ya achari." Tulicheka mpaka ukashika mbavu.

Daktari, kijana mpole wa bara, alininyang'anya dunia nzima kwa sauti ndogo. Pilipili basi, ndimu basi, kahawa basi, vya kukaanga basi. Nile kidogo, cha jioni nikile mapema, nisilale tumbo likiwa bado limejaa. Nipunguze mwili. Kitanda nikiinue upande wa kichwani.

Nilikueleza yote, ukaitikia. Lakini Ijumaa ulipoandaa sinia, nikala matonge machache ya wali mweupe nikanawa mikono, uso ulikubadilika.

"Umekula wapi?"

"Sijala popote. Daktari kasema..."

"Huyo daktari ndiye akupikiaye siku hizi?"

Ndiyo desturi yetu: mwanamume akinawa mapema kwake, basi ana jiko jengine mtaani. Bi Khuleta, jirani yetu mwenye masikio marefu kuliko kichochoro chetu, akaja kukoleza moto: "Mwenzangu, mumeo akonda, na kahawa barazani hanywi tena. Amtengenezea nani mwili huyo?" Nilipoweka matofali chini ya miguu ya kitanda, ukaapa kwamba huyo mke mwenzio ameyasomea uganga. Matofali, Mama Swafiya! Niliyaomba kwa fundi anayejenga nyuma ya msikiti, bado yana saruji.

Mwanao alikwambia, "Mama, baba ni mgonjwa kweli." Ukamjibu kwamba mgonjwa hanunui kikoi kipya. Cha zamani kilikuwa kikiniporomoka! Ukadai talaka mbele ya kaka zako, ukaidai mpaka ukaipata. Mimi, niliyepita bandari zote nikakurudia wewe, nimeachwa kwa ajili ya viazi vya kuchemsha.

Huyo mke mwenzio hajaonekana hadi leo. Ukimwona huko Malindi mlete, angalau anioshee sufuria. Kabla ya magharibi najipikia samaki wa mchuzi mweupe usio na ndimu, nakula peke yangu kama mtoto anayeota meno. Sinia lako liko ukutani. Kwa mtu mmoja ni kubwa.

Swafiya anasema umeposwa, na kwamba bwana huyo anakula vizuri. Hongera. Mtilie achari. Lakini siku akinawa mapema, tafadhali, muulize kwanza kama anaumwa, umwamini jibu lake.

Daktari aliniamuru pia nilale ubavu wa kushoto, eti hivyo asidi haipandi. Namtii kwa kila kitu. Kushoto ndiko uliko mto wako, sijauondoa. Basi kila nikilala nautazama huo. Na kifua kikiniwaka hapo, sina achari ya kusingizia.

Kaa salama, ule vizuri.

Aliyekuwa mumeo,
Baba Swafiya