Makaburi Marefu ya Nebraska

Shangazi Corliss,

Nimefika chuoni salama. Chumba ni kidogo, ila dirishani pana mti.

Garini, tangu Ohio, mimi na baba tulibana pumzi kila tulipopita makaburi, ule mchezo wetu wa utotoni na marehemu kaka Wendell: anayepumua mwisho ndiye mshindi. Ya Nebraska yalikuwa marefu, yameifuata barabara mwendo mrefu. Tulipoyamaliza baba akapumua, mimi nikapumua, halafu kwenye siti ya nyuma, katikati ya maboksi yangu, mtu mwingine akapumua.

Baba hakugeuka. "Wewe Wendell, leo umetuweza!" akasema, akicheka.

Leo nimeshusha maboksi yote. Kabla hajaondoka, baba aliufunga mkanda wa siti ya nyuma, na siti ilikuwa tupu.

Mpigie baba simu akiwa njiani kurudi, Shangazi, ila usimuulize yuko na nani.

Mwanao,
Maribeth