Saa Moja ya Ziada

Nordeste, São Miguel,
Azores.
14 Mei

Mpendwa Shangazi Leopoldina,

Hujambo, na baridi ya Toronto imekwisha? Magoti yako je? Sisi tu wazima, na neno hilo safari hii nalisema kwa kinywa kipana. Ulituagiza kwamba habari mbaya tukupigie simu na njema tukuandikie. Basi bahasha hii umeiona, shusha pumzi. Kaka yako amepasuliwa moyo, amepona, na amerudi nyumbani.

Kumpandisha Baba ndege ya kwenda Lisbon kupasuliwa kulikuwa kazi. Alishika tiketi akasema, "Kwenda saa tatu na ushei, kurudi saa moja na ushei! Huyo rubani wa kurudi anakimbizwa na nani?" Nami, Shangazi, nilikuwa mjinga kama yeye. Tangu utotoni nasikia redio ya Lisbon ikitaja saa kisha ikisema "Azores saa moja pungufu", lakini siku hiyo ilinitoka kichwani kabisa. Nikamwambia Mama: wanaondoka saa moja asubuhi, wanafika saa nne na dakika ishirini.

Mama akapiga magoti na rozari yake. Simu yangu akaifungia kwenye kopo la mkate, eti isilie watu wakiwa angani. Saa nne na dakika ishirini tukaifungua. Kaka yangu Adelino, aliyekuwa amemsindikiza Baba, alikuwa ametupigia mara nne, saa nzima nyuma! Kutoka hapa hadi Lisbon ni kilomita elfu moja na mia nne na ushei, mwendo wa saa mbili na dakika ishirini tu. Saa iliyobaki ni ya tofauti ya saa zetu na zao.

"Kwa hiyo nimesali saa nzima mtu ameshatua, anakunywa kahawa?" Mama aliuliza, akijikanda magoti.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Kichwa chako kibuyu, wewe!"

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Siku ya upasuaji daktari alisema kazi itachukua saa nne. Saa nne zikapita, Adelino kimya. Mimi nilitoka nikalilia zizini kwa ng'ombe, kwa kuwa niliamini tumempoteza Baba. Niliporudi nilimkuta Mama anamenya viazi, ametulia.

"Mama, huogopi?"

"Niogope nini? Saa hii ya tano nilishaisali siku ile ya ndege. Unadhani Mungu hupoteza kitu?"

Saa tano zilipotimia, Adelino akapiga. Moyo wa Baba unapiga vizuri.

Jana walipaa Lisbon saa tisa alasiri, wakatua Ponta Delgada saa kumi na dakika ishirini. Baba alishuka saa yake ya mkononi ikisoma vilevile kama ya ukutani uwanjani, maana hakuigusa tangu aondoke. Swali lake la kwanza lilikuwa kama ng'ombe wake Mimosa ameshazaa. Bado hajazaa.

Msalimie Mjomba Urbano na binamu yangu Natércia. Adelino anakusalimu sana. Roho Mtakatifu awafunike, na akupe miguu ya kuja kwenye sikukuu yake mwakani.

Baba amesimama nyuma yangu. Anasema nikuandikie kwamba kule Lisbon wana haraka bure, na kwamba saa waliyomchukulia wakati wa kwenda, mkewe ndiye aliyemtunzia.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,
Filomena