Ndoo Ninayomficha Binti Yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana siku hiyo ikinikuta hivi nilivyo sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni mpishi wa shule, huu ni mwaka wa kumi na mbili, napikia wanafunzi mia nne, na marehemu mama alinifundisha kwamba sahani isiyofurika ni tusi kwa mgeni, kwa hiyo nawajazia wote sawa, wadogo kwa wakubwa, sijawahi kumnyima mtu. Binti yangu wa pekee anasoma hapo hapo, mtoto mpole, lakini akishika jambo hashikiki. Muhula huu alianzisha kundi na wenzake, wakaazima mizani ya stoo, na kila mchana wanapima makombo yote yanayobaki kwenye sahani, kisha wanaandika kilo kwenye ubao mlangoni mwa bwalo ili kila mtu aone kinachotupwa. Siku ya kwanza zilikuwa kilo arobaini na moja, mshauri, wali wangu, maharage niliyoyachambua kwa mikono yangu, na kabichi, kabichi ndiyo usiseme.

Wiki tatu namba haikushuka. Wakaanza kumcheka, wakampachika jina la Bibi Makombo, wengine wakawa wanabakiza makusudi ili wamwone akibeba ndoo, na siku moja akaja jikoni akajikunja nyuma ya magunia akalia, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi nikashindwa kuvumilia. Kesho yake, kundi lake halijafika, nikachukua ndoo moja ya makombo nikaimwaga kwenye shimo nyuma ya jiko, nikafukia kwa majivu. Kilo zikashuka. Mtoto aliruka, akanikumbatia na masizi yangu yote, akasema, "Mama, wameanza kuelewa!" Sasa hapo ningefanyaje? Siku iliyofuata nikamwaga mbili. Mwezi umekatika, ubao unasema kilo tisa, na hata waliokuwa wakimcheka wameomba kujiunga.

Mwalimu mkuu kafurahi, kaalika wanafunzi wa shule tatu waje Ijumaa hiyo wajifunze kwa binti yangu. Binti amenisomea hotuba yake nikiwa namenya vitunguu, na ashukuriwe Mungu vitunguu vilinisitiri, maana inaanza hivi: "Nilianza kupima makombo kwa sababu mama yangu anaamka saa kumi alfajiri kutupikia." Jana akaniuliza mbona nzi wamezidi huku nyuma, nikamwambia ni msimu wao. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo na hataniamini tena, nisipomwambia atasimama mbele za watu auseme uongo wangu kwa kinywa chake. Nifanye nini?

Mama Upawa

Marahaba, Mama Upawa.

Kwanza futa machozi, na safari hii usivisingizie vitunguu. Barua yako nimeisoma mara mbili na sikuona mama mbaya. Nimeona mama aliyeshindwa kumtazama mwanawe akilia, na tuko wengi wa namna hiyo, hata mimi nimo. Lakini mwenzangu, umepotoka. Mtoto kaazima mizani apate ukweli, nawe ukaichezea nyuma ya mgongo wake. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Ijumaa. Nzi wameshaanza kusema. Unataka aambiwe na nzi?

Mwambie leo. Si jikoni, huko utajificha kwenye mvuke. Nyumbani, mmekaa, mikono yako haina kisu wala kitunguu. Sema, "Nilikuwa namwaga ndoo kabla hamjapima. Sikuweza kuona unachekwa. Nimekukosea, mwanangu." Ishia hapo hapo. Usiongeze "ila nawe ulizidi kulia." Atakasirika, na ana haki. Huenda akasusa kula. Mwache asuse, na tafadhali usimbembeleze kwa sahani nyingine iliyofurika.

Maana hapo kwenye kufurika ndipo penye ugonjwa, na umepataja harakaharaka kana kwamba hapahusiki. Miaka kumi na miwili umeshika upawa, je, umewahi kumuuliza mtoto hata mmoja ana njaa kiasi gani? Kasichana kembamba unakajazia kama mbeba mizigo, kisha tunakalaumu kakibakiza! Mama yako, Mungu amrehemu, alisema kuhusu mgeni. Hao wanakula kwako kila siku, si wageni tena. Kaa na binti yako na kundi lake muulizane. Wasimame nawe dirishani wakati wa kupakua, wawaulize wenzao, "Kidogo au cha kawaida?" na asiyeshiba arudi kuongezewa bila kununiwa. Na hiyo kabichi, wawaulize ina nini. Mimi nahisi unaichemsha mpaka inakata tamaa, lakini usinisikilize mimi, wasikilize wao. Vijana wanaweza kazi hii wakipewa kazi yenyewe. Namba ya kuwafurahisha haiwasaidii kitu.

Shimo nalo waonyeshe. Makombo yaliyomo wayachanganye na majani makavu na udongo, wasubiri, bustani ya shule itapata mboji.

Mwalimu mkuu mwambie wewe kwa mdomo wako, kabla ya wageni, mzigo huo usimtwishe mtoto. Hotuba mwachie mwenyewe. Akiamua kuandika kilo za kweli mbele ya shule zote hizo, simama kando yake na aproni yako.

Mwisho, rudia kuusoma ule mstari wa kwanza wa hotuba yake. Mwanao alibeba ndoo na kuvumilia kuitwa Bibi Makombo kwa sababu hapendi kuona jasho la mama yake likimwagwa, kumbe anayelimwaga nyuma ya jiko ni wewe mwenyewe. Kamwambie leo, kabla hujabandika chakula cha jioni.