Uso Wangu Kwenye Pakiti

Mjukuu wangu, mume wangu wa utani,

Marahaba. Najua hukuniamkia, ila nimeitikia mwenyewe, maana nikisubiri shikamoo yako nitazeeka mara ya pili. Mtu gani anabandika uso wa bibi yake kwenye kila duka la vyakula vya mifugo, na bibi mwenyewe hamuulizi kama ameamka? Huna haya. Nilikubeba mgongoni ukiwa mdogo, leo nakubeba kwenye pakiti, na bado hutaki kushuka.

Basi, hujambo? Kile kifua kimepona, au bado unalala na feni imekuelekea? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanagombana na ngazi ya mlangoni. Mkeo hajambo. Kuku nao hawajambo, na hapo kwenye kuku ndipo nataka ukae chini usome polepole. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Herufi zinalala upande, lakini ni zangu. Kwenye simu kila nikiuliza jambo la maana mtandao wako unakatika. Karatasi haikatiki.

Mchanganyiko wangu unaujua, umekulia ndani ya vumbi lake: kitunguu saumu, manjano, na majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini, vyote navitwanga kwenye kinu na kutia kidogo katika chakula cha kuku wa nyama. Sijawahi kumdanganya mtu kwamba ni uganga. Kuku wanakula kwa hamu, kinyesi kinashikamana, wanakua kwa mwendo wao. Kuku akiumwa kweli anaitwa daktari wa mifugo, anatoa dawa, nasi hatuuzi mpaka siku alizosema zipite. Watu wanakuja kwetu kwa sababu hiyo, si kwa uzuri wa sura yangu.

Wewe ukasema kutwanga kunanimaliza. Utasaga mjini kwa mashine, utauza kwenye pakiti, na sisi utatuletea. Nilifurahi, sitakataa. Uliponipiga picha nimemkumbatia yule kuku mweupe nilidhani ni picha ya ukutani. Pakiti zilipokuja na uso wangu nikajiona mtu. Moja nikaitundika sebuleni pembeni ya picha ya babu yako, na kila mgeni nikamkalisha akitazama huko, atake asitake.

Kundi la kwanza lililokula unga wa pakiti lilinitia wasiwasi nikaumeza. Kuku walinenepa kama wanakimbizwa. Mvua zikanyesha, maranda ya bandani yakaloa, hakukohoa hata mmoja. Nimefuga tangu mama yako hajaota meno, sijawahi kuona banda zima lisilo na hata kuku mmoja wa kusinzia pembeni. Lakini uso ulikuwa wangu, nikajipongeza.

Kundi lililofuata wakarudi kwenye mwendo wa kawaida, na huku pakiti zinaisha vilevile. Hapo nikamgeukia mkeo, mke mwenzangu huyu. Alikuwa anafunga mlango wa stoo akichanganya chakula. Nikibisha ananiambia, bibi, pumzisha magoti. Tangu lini magoti yangu yakamhusu? Nikaamini anauza zile pakiti kwa majirani, kuku wetu anawapa pumba tupu. Nikawa namnusa anapopita. Siku alipokwenda sokoni nilipekua chini ya kitanda chake nikakuta mfuko wa vitunguu saumu. Mtu na akili zake anaficha vitunguu saumu chini ya kitanda! Sikupata maelezo, nikaongeza mashaka.

Asubuhi moja nikamuaga kwamba naenda kupima presha. Nikazunguka nyuma ya tangi la maji, nikageuza ndoo nikaikalia. Akatoka stoo na pakiti mbili, akazifungua, akamwaga unga wote chooni. Uso wangu akaukunja akautia mfukoni mwa aproni. Nikatoka pale na mkongojo wangu nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, mengine sijui hata yanaandikwaje.

Akaingia stoo. Alileta beseni la maji, kipande cha sabuni ya kufulia na vitambaa viwili. Kimoja kilikuwa kimefuta kinu changu, kina manjano ya siku zote. Cha pili alikipaka unga uliobaki kwenye pakiti. Akavifua mbele yangu. Cha kwanza kikageuka chekundu, kama khanga zangu zinavyogeuka nikizifua baada ya kutwanga. Hilo nalijua, na wewe unalijua, maana ulipokuwa mdogo ulilia ukadhani nimejikata. Cha pili kikabaki na njano ya pipi, kisha njano yenyewe ikaondoka na povu. Mle hamna manjano, mjukuu wangu. Mna rangi. Halafu akafungua fundo la khanga akanionyesha alichokipata kwenye chekeche: vipande vya maganda ya vidonge, vile vya rangi mbili vya kuua vijidudu, wanavyopewa watu hospitali.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema aliyaona maganda siku ileile fundi cherehani wa pale kona alipokuja kuchukua kuku wa kumpikia mwanawe. Mtoto yule unamjua. Vidonge vya namna hiyo vilimvimbisha mpaka macho yakafungika, madaktari wakamkataza mama yake, huyo fundi, asimpe tena maisha yake yote. Ndiyo maana nyama ya kuku hanunui kwingine. Fundi akaigusa pakiti uliyobandika mlangoni mwa banda, akasema huyu bibi ndiye anayemfanya alale usingizi. Mkeo akamnyang'anya kuku mkononi, akamdanganya kwamba kuku huyo anaumwa, na fundi akaondoka amenuna. Tangu hapo unga wako anaumwaga, na wa kwetu anautwanga nyuma ya banda mimi nikilala mchana.

Nikauliza kwa nini aliniacha nimuwinde kama paka wakati angenieleza. Akainama. Akasema alikuambia wewe kwanza, nawe ukamjibu hivi:

"Bibi hajui kusoma. Picha yake inatosha."

Nimeyaandika maneno hayo mara mbili kwenye karatasi nyingine kabla ya kuyaleta hapa, nisije nikakosea. Nimekosea? Niliishia darasa la tatu. Limenitosha.

Mke mwenzangu sikumuomba radhi, mdomo wangu haujazoea. Nimempa mchi wangu na ufunguo wa stoo, na jana nimelala mchana bila kumvizia. Fundi cherehani nimemwambia asichukue kuku hapa mpaka wewe ufike. Akauliza kuna nini. Nikasema mwenye maelezo yuko njiani. Kuku wa lile kundi la kwanza waliokwisha kuliwa siwezi kuwatoa matumboni mwa watu. Na wewe usiniapie kwamba umeacha. Sikuamini. Nitaiamini sabuni.

Mama yako anakusalimu sana, anadhani mwanawe ni mfanyabiashara. Mkeo nilimuuliza kama ana salamu, akasema bado anazitafuta. Wenzako wa dukani wasalimie, isipokuwa huyo unayesaga naye.

Barua hii inaletwa na dereva wa gari la vifaranga, nimemwambia asiondoke mpaka akuone umefika mwisho. Ndani ya bahasha utakuta uso wangu. Nimeushusha ukutani nikaukata kwa mkasi. Sasa sikia. Funga hiyo mashine. Pita duka moja baada ya jingine, kusanya kila pakiti yenye sura hii, na kila mwenye duka umwambie ulitia nini. Kisha uje nyumbani Jumamosi, mchana, watu wakiwa macho. Beseni nitaliweka mlangoni na sabuni pembeni yake, na fundi cherehani atakuwa amekaa kwenye kiti changu. Hutaingia ndani. Utatia mkono kwenye unga wako, utanawa mbele yake, na povu lisipogeuka jekundu utamweleza sababu kwa mdomo wako mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, nisiyejua kusoma.