Tangazo la Nyanya Lililosomwa Siku Tatu

Lindi, Kibera,
Nairobi.
14 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Oketch,

Pokea salamu zetu sote. Natumai ule mguu umepona na sasa unatembea bila fimbo. Huku tuko wazima. Kifua kinamsumbua Mama kidogo, lakini bado anauza mapazia Soko la Toi kila siku.

Jumanne nilikuwa naye kibandani akaja mteja, mama wa makamo yake anayeitwa Wakarima, mwenye ploti ya kupangisha huko Gatina, Kawangware. Alipouliza bei tu, Mama akaacha kukunja. Aliijua ile sauti. Wakarima alikuwa mtangazaji wa redio ya taifa. Aliingia ikiitwa Sauti ya Kenya, akastaafu ikiwa KBC. Alitueleza jinsi barua za matangazo ya vifo zilivyokuwa zikirundikana mezani, kwa sababu watu wengi hawakuwa na njia nyingine ya kumpata mtu aliye mbali.

Mama akamtajia jina lake, Eddah, akamuuliza kama anakumbuka tangazo la kifo cha Nyanya, mwaka wa 1987. Nilidhani ni swali la bure.

“Eddah wa Lindi, Kibera, arudi nyumbani haraka,” Wakarima akasema. “Nilikuwa mgeni kazini. Nililisoma siku tatu mfululizo, mazishi yakiwa bado. Siku ya tatu nilitaka kushuka huku nikutafute, maana kwetu ni hapa Kawangware. Sikuja.”

Mjomba, unajua Mama alipata habari Nyanya akiwa ameshazikwa. Miaka yote amesema ulichelewesha tangazo makusudi, na tangu hapo hajakanyaga huko. Mimi pia nilikua nikiamini hivyo.

Mama alimaliza kukunja pazia. Kisha akasema, “Redio yangu ilikuwa kwa fundi wiki hiyo.”

Habari hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Wakarima alichukua mapazia yake, wakashikana mikono, akaenda zake.

Jioni Mama aliniambia nikuandikie. Anasema ulifanya lililokupasa, na yeye ndiye aliyekukosea. Hakutaka niongeze lingine. Anaomba aje Desemba umwonyeshe kaburi. Kama hutaki, tafadhali niambie mimi kwanza.

Derrick, anayesafiri kuja huko wiki hii, ndiye atakayekuletea barua hii, maana nambari yako haiingii. Msalimie Mama Brandon, na Brandon pia. Mungu awape afya na mvua ya kutosha.

Mpwa wako akupendaye,
Nereah